Nataka kupamba meza kwa vitu vya kuliwa siku yetu ya ndoa, sina oveni na joto la Dar mnalijua, nianzie wapi?

baba_wawili_tabata

Wakuu habari za majukumu. Naombeni mawazo, hasa kina dada na mashangazi mnaojua mambo ya jikoni. Ijumaa ijayo ni siku yetu ya ndoa, watoto wanaenda kwa bibi yao Mbagala kwahiyo nyumba inabaki ya sisi wawili. Miaka yote mke wangu ndo anapika, anapamba, anaandaa, mi nakuja kukaa tu. Safari hii nataka akae yeye. Chakula nishapanga, wali wa nazi, samaki wa kupaka na kachumbari, hapo sina wasiwasi. Ninapokwama ni mapambo. Sitaki maputo wala zile taa za kuwaka waka, nataka mapambo tunayoyala, yenye utani ndani yake, akifika mezani acheke, aokote kitu aweke mdomoni. Mitandaoni nimeona watu wanatengeneza mioyo ya chokoleti, vioo vya sukari, maua ya matunda, sasa sijui kipi kinawezekana kwangu.

Hali yangu iko hivi: jiko la gesi la plati mbili, friji ndogo, feni ipo, AC hakuna. Mke wangu hapendi sukari nyingi, keki ya krimu anakula kijiko kimoja anaisogeza. Anapenda nazi, iliki, korosho, matunda. Kingine anachopenda sana ni kanga, ana sanduku zima na kila moja anajua jina lake, sijui kama hilo linasaidia ila nimelitaja. Bajeti ya mapambo ni 30,000, ikizidi sana 40,000.

fundi_keki_dar

Hongera mkuu, na umefanya vizuri kutaja joto maana hapo ndo watu wengi wanaangukia. Mi natengeneza keki hapahapa Dar, nakwambia vingi unavyoviona mitandaoni vinafanyika kwenye nchi za baridi au chumba chenye AC muda wote.

Vioo vya sukari achana navyo. Sukari ikishayeyuka ikawa karameli inavuta maji ya hewani na hewa yetu imejaa unyevunyevu, unaiweka mezani saa moja, ikifika saa mbili inanata kwenye vidole, ukisema uihifadhi kwenye friji ndo unaimaliza kabisa, ikitoka inatokwa jasho. Fondanti, ile sukari ya kukanda ya kufunikia keki, vilevile.

Chokoleti inawezekana ila ujue ziko mbili. Halisi ina mafuta ya kakao, ikifika nyuzi joto 34 hivi imeshayeyuka, ndo maana inalegea mdomoni, na ukitaka igande vizuri ing'ae lazima uipashe kwa vipimo, ile nyeusi unaipandisha mpaka 45, unaishusha 27 au 28, unairudisha 31, bila kipimajoto unabahatisha. Nyingine ni kompaundi, hiyo mafuta yake ni mengine, haitaki hizo hesabu, unayeyusha unaichora inaganda basi. Ladha haifiki ile ya kwanza lakini kwa mapambo na kwa joto hili chukua kompaundi nyeusi, gramu 200 zinakutosha na zinabaki. Bakuli likae juu ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole, lisiguse maji, na kijiko kiwe kikavu kabisa. Tone moja la maji likiingia inashikana madongemadonge. Ikitokea hivyo usiitupe, ongeza vijiko viwili vitatu vya maziwa ya moto ukoroge kwa nguvu, inageuka mchuzi wa kuchovya ndizi na embe, hapo umepata kitu kingine cha mezani.

Stroberi za kuchovya ukizipata zifute zikauke hasa kabla hujazichovya. Zikiwa bei mbaya usijisumbue, chovya korosho na vipande vya nanasi lililokaushwa na kitambaa.

Kyela_kwetu

Fundi kasema vizuri ila jamani tusiidharau chokoleti halisi, kakao yenyewe inalimwa kwetu Kyela. Mkuu nunua kipande kimoja kidogo cha halisi ile chungu, mpe mwishoni baada ya chakula, kitoke kwenye friji moja kwa moja mpaka mkononi mwake. Usikipambe.

mkubwa_mwenzenu

Mkuu mpeleke hotelini ale mrudi nyumbani mlale, unajitesa bure, hayo ya kuchonga chonga karoti ni mambo ya kizungu.

ShangaziWaTanga

@mkubwa_mwenzenu mambo ya kizungu yapi? Sisi pwani siku zote chakula kinapambwa, vileja vinachorwa, visheti vinakunjwa maua, kashata inapakwa rangi mbili. Bwana akimwandalia mkewe kwa mkono wake hiyo ni heshima anampa, hoteli haiwezi kumpa.

Baba, mimi nimesoma ulivyoandika nikasimama hapo kwenye kanga. Umeuliza kama inasaidia, basi ndo jibu lako lote liko hapo. Mtengenezee mkeo kanga ya kuliwa, yenye pindo, yenye mji ule wa katikati na yenye jina, yale maandishi yake, uilaze mezani katikati. Mwanamke anayejua majina ya kanga zake zote akiona hiyo hutahitaji kupamba kitu kingine kikubwa.

Utatumia chaina grasi, ile ya kugandishia pudini. Usichukue jelatini, jelatini kwenye joto inalegea inarudi maji, halafu nyingine hujui imetoka kwa mnyama gani. Chaina grasi inatokana na mwani, inaganda yenyewe hata nje ya friji, na ikishaganda haiyeyuki mpaka iwe moto karibu wa kuchemka, kwahiyo Dar yenu hiyo haiiwezi.

Tafuta trei ya sentimita 30 kwa 20. Kanga ya kweli ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, kwahiyo umbo linakaa sawasawa. Unaanza na pindo, nalo ni la choya, yale maua mekundu makali ya kutengenezea juisi. Chukua konzi moja ya choya kavu, chemsha na maji kikombe kimoja na nusu kwa dakika kumi, chuja, iache kwenye moto mdogo ibaki moto. Sufuria nyingine weka kikombe kimoja cha maji, vijiko vya chai vitatu vya chaina grasi ya unga na sukari kiasi chako, koroga, ichemke dakika tatu mpaka usione chembe. Sasa ipua, ndo umimine choya humo. Usichemshe choya na chaina grasi pamoja, ule ukali wa choya unaikata nguvu haigandi vizuri. Na choya isiwe imepoa, ukimimina baridi inaanza kuganda hapohapo sufuriani inakuwa mabongemabonge. Mimina kwenye trei, urefu wa kwenda juu uwe kama sentimita moja. Acha.

Ikishika, chukua kisu na rula, pima sentimita 3 kutoka kila ukingo, kata mstari, utoe ile ya katikati polepole na mwiko bapa. Umebaki na pindo jekundu limezunguka na uwazi katikati. Hiyo uliyoitoa usile bado.

Mji sasa ni wa tui. Tui zito la nazi kikombe kimoja na robo hivi, kijiko cha chai kimoja na nusu cha chaina grasi, iliki, chumvi ya kunyunyiza kwa vidole viwili, sukari kidogo sana kwa vile mkeo haipendi. Tui ukiliacha linakatika, kwahiyo koroga bila kuacha mpaka lichemke dakika mbili tatu, ipua, koroga tena likiwa linapoa, na likiwa bado moto wa kuvumilika, mimina kwenye ule uwazi taratibu juu ya kijiko ili lisichimbe. Likiwa linachemka hasa litayeyusha pindo, na likiwa limepoa mno halitashikana na pindo, ukikata vipande vinaachana. Hapo katikati ndo pa kuwa makini, kwingine kote ni rahisi.

Kabla mji haujashika kabisa, ukigusa uso wake unatikisika, panga korosho nzima, ukichora lile ua la korosho la kwenye kanga za zamani, zote zielekee upande mmoja au ziangaliane mbilimbili. Ziingie nusu, nusu ibaki juu. Ile nyekundu uliyoitoa ikate kwa kisu midogo midogo ya umbo la moyo uiweke pembe nne za mji. Chini acha nafasi ya jina.

mswahili_wa_muscat

Shangazi Mungu akuweke. Naongeza dogo tu, kwenye tui akishaipua atie kijiko kimoja cha chakula cha maji ya waridi, yale ya kula, sio marashi ya kujipaka. Huku Oman tunayapata ya Jabal Akhdar na kwenye halua ndo yanayofanya mtu afumbe macho. Zafarani asitie, itageuza mji wa kanga kuwa njano na yeye anataka mweupe.

maua_ya_arusha

Naingilia kwa jambo moja muhimu kabla mtu hajashauri mawaridi. Mi nafanya kazi za maua huku Arusha. Yale mawaridi yanayouzwa kwenye mafungu yamepuliziwa dawa za wadudu na za ukungu mpaka mwisho, yamelimwa yaangaliwe, hayajalimwa yaliwe. Usiweke petali juu ya chakula, usigandishe kwenye barafu, hata ukiosha. Ukitaka waridi la kuliwa liwe la uani kwenu ambalo halijawahi kupuliziwa kitu. Ua la boga linaliwa, hata kukaanga na yai. Asumini weka kwenye kisahani pembeni kwa ajili ya harufu. Ua usilolijua kabisa usilikaribishe mezani, kuna mengine ya kupandwa kwenye fensi ni sumu kali, yale yanayoitwa oleanda, ya rangi ya waridi yenye majani membamba marefu, watu wanayapanda kila mahali ni hatari.

Ukitaka waridi chonga la nyanya. Chukua nyanya ngumu, kisu kikali chembamba, anzia kitakoni umenye ganda kwa ukanda mmoja mrefu usioukata, upana wa kidole, kisha uuzungushe kuanzia ile ncha ya mwisho, ukae juu ya kile kitako. Dakika mbili. Lizungushie majani ya giligilani. Hilo lisimame juu ya kachumbari yako.

binti_wa_kisauni

Kaka hongera, nakuandikia kutoka Mombasa. Hiyo leso ya kuliwa, nyinyi mnaita kanga, nimeipenda ati mpaka nataka kuifanya mwenyewe. Sasa wewe umesema unataka acheke, leso itamshangaza lakini kicheko kiko kwa mayai.

Chemsha mayai mawili yawive kabisa, menya, kata kidogo upande wa chini ili yasimame. Hao ni nyinyi. Macho ni punje za pilipili manga, toboa vidogo kwa kijiti cha meno kwanza halafu uzitie, mdomo ni kipande chembamba cha nyanya. Yai la bibi lilowekwe kwenye maji ya bitiruti dakika chache lipate rangi ya waridi, halafu umenye tango kwa kile kisu cha kumenyea karoti utoe ukanda mpana mwembamba, umfunge, mmoja kiunoni mmoja kichwani, amejifunga leso yake huyo. Yai la bwana kata karoti nene duru moja, hiyo ni kofia yake, ishike na kipande cha kijiti. Kama wewe una ndevu mwekee za giligilani. Kama una kitambi chagua yai kubwa. Yaani mke akiona huyo bwana amefanana na wewe atacheka mpaka akae chini. Vijiti na pilipili manga mtoe kabla ya kula, mwambie.

Asubuhi yake pia usisahau. Soseji ipasue katikati kwa urefu usiifikishe mwisho, ifungue ncha mbili uzirudishe zikutane upande ule mwingine, funga kwa kijiti, umepata moyo, weka kwa kikaango na mafuta kidogo, vunja yai ndani. Ukiweza mahamri, kata unga kwa umbo la moyo, kisu kiwe kikali na usiubonyeze ukingo, ukiubonyeza halifuri. Mafuta yawe moto na uyamwagie juu kwa upawa mpaka lifure.

baba_wawili_tabata

Wakuu sina cha kuwalipa. Nilikuja nikitegemea mtaniambia nikanunue keki yenye moyo. Shangazi wa Tanga nimesoma maelezo yako mpaka nimeyanakili kwenye daftari, kanga ndo imepita, hapo hapana mjadala. Mayai nayo yamepita na ndevu ninazo.

Maswali yangu. La kwanza jina, nilifikiria WAWILI WAKIPENDANA ADUI HANA NAFASI maana ndo kanga niliyompa tukiwa wachumba, anaitunza mpaka leo haivai. Litatosha? La pili, hiyo chokoleti naandikaje juu ya kitu chenye majimaji. La tatu, nafanya kipi lini, Ijumaa natoka kazini saa kumi na yeye anafika kumi na mbili na nusu.

fundi_keki_dar

Mkuu nimeguswa na hiyo ya kanga ya uchumba. Mpango wako huu.

Usiandike moja kwa moja juu ya tui, herufi zitateleza. Andika jina kwa kalamu nene kwenye karatasi ya kawaida, upana usizidi sentimita 22 maana mji wako ni 24. Juu yake laza karatasi ya kuokea, utaona maandishi yanapenya. Chokoleti iliyoyeyuka itie kwenye kifuko kidogo cha nailoni safi, kata pembe tundu la ukubwa wa kichwa cha pini kisha fuatisha herufi. Zifanye nene kidogo kuliko unavyodhani, nyembamba zinavunjika zikibanduliwa. Weka kwenye friji zigande, bandua karatasi taratibu kwa chini, usizishike herufi kwa vidole muda mrefu. Andika kila herufi mara mbili ili iliyovunjika iwe na mwenzake.

Jina lako ni refu kwa mstari mmoja, herufi zitakuwa ndogo mno na chokoleti haiwezi. Gawanya mistari miwili, WAWILI WAKIPENDANA juu, ADUI HANA NAFASI chini, kila herufi sentimita moja na kidogo, inakaa, ila korosho zipande juu kidogo upate nafasi. Ingekuwa kanga nyingine ningekwambia tafuta jina fupi lakini kwa hiyo, hapana, liandike hilohilo lote.

Alhamisi usiku watoto wakilala fanya kanga nzima na herufi. Funika trei kwa nailoni ila isiguse uso, weka kwenye friji. Mji wa tui lazima ulale kwenye friji, chaina grasi inavumilia joto lakini tui linachacha. Ijumaa ukifika saa kumi na moja chemsha mayai kwanza yapoe, wakati huo tengeneza waridi la nyanya na maji ya bitiruti. Samaki na wali vinaenda kwenye moto. Saa kumi na mbili na robo toa kanga, itakuwa na majimaji juu, ikaushe kwa kitambaa safi kwa kugusagusa, panga jina, rudisha. Unaitoa akiwa ameshanawa.

ShangaziWaTanga

Fundi kapanga vizuri. Baba usiipindue kanga kwenye sinia, iache ndani ya trei yake, funika kingo za trei kwa majani ya mgomba yaliyobabuliwa kidogo motoni yalainike, inatosha. Na usiikate wewe. Mpe kisu yeye, aanze anapotaka.

Mkeo akiwa na mzio wa korosho au njugu usingetutajia anazipenda, kwahiyo hapo sina shaka, lakini wengine mnaosoma ulizeni kwanza, badala yake wekeni tende zilizokatwa.

mkubwa_mwenzenu

Nimesoma uzi mpaka mwisho. Shangazi hiyo ya kanga naichukua, wife wangu mtu wa Lindi, kanga ni maisha yake. Bila trei ya vipimo hivyo nitumie nini?

ShangaziWaTanga

Karibu baba. Trei yoyote ya pembe nne, hata kopo la plastiki la chakula lenye kitako bapa, ila lisiwe lile laini linalojikunja kwa moto. Ukubwa ukibadilika shika hesabu moja tu, kijiko cha chai kimoja cha unga wa chaina grasi kwa kikombe kimoja cha maji au tui, na kwenye choya ongeza kidogo.

baba_wawili_tabata

Kesho naenda Kariakoo. Dukani wakiwa na chaina grasi za nyuzi tu, za unga hamna, nabeba?

ShangaziWaTanga

Beba. Gramu 5 za nyuzi kwa nusu lita, zikate kwa mkasi, loweka kwenye maji baridi nusu saa, kamua ndo uchemshe, nazo zinataka muda mrefu kidogo kwenye moto kuliko unga. Chuja kwa kichujio cha chai kabla hujamimina, kuna nyuzi huwa hazikubali kuisha. Kwa ile ya tui, ziyeyushe kwanza kwenye maji robo kikombe ndo uchanganye na tui la moto.